Asante ya Madame Félicité

Jiwe lilimvunja Madame Félicité meno ya mbele mlangoni pa darasa lake, pale mtaani Songo, naye hakubanduka. Waliokuwa wakimwita mwoga kwa sababu hachapi watoto, siku ile walimeza maneno yao, na yawakwame kooni!

Mama huyu alizaliwa kwa wakulima wa Lubarika. Shuleni alichapwa mpaka akaapa kwamba akiwa mwalimu hatashika fimbo. Darasani mwake viti vilipangwa duara kila asubuhi, na kila mwanafunzi alisema kilichomo moyoni kabla ya kufungua daftari. Akimaliza, Madame alimwambia "Asante", zamu ikapita. Walimu wenzake walimcheka: hii ni shule au chumba cha maombi? Lakini watoto wake walikuja hata mvua ikinyesha, na waliozoea kurushiana ngumi walijifunza kukasirika kwa mdomo.

Asubuhi ile Achille, kijana mkubwa kuliko wote, alisema akitazama sakafu: "Minye niko na hasira. Batu ba milimani baliua yaya yangu, kaka yangu mukubwa, kule Runingu. Na hapa tunaikala na Gikundiro, mutoto wa kule juu."

Gikundiro, binti wa wafugaji wa milimani, aliinamisha kichwa. Madame alishtuka, ila kengele ya hesabu ilikuwa imeshagonga.

"Asante, Achille," akasema.

Asante gani hiyo? Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite.

Wakati wa mapumziko Achille aliruka ukuta. Alirudi na genge la vijana wenye mapanga, naye ameshika lake. Walimpiga mlinzi kwa marungu mpaka akazimia, wakaja moja kwa moja darasani, ambako watoto walikuwa wamesharudi na Madame amesimama mlangoni.

"Utoke, Madame! Tunataka ule mutoto!"

Gikundiro alikuwa amejikunyata nyuma ya wenzake, na wote walikuwa wakilia. Ndipo jiwe lilipokuja. Rungu likafuata begani, mfupa ukavunjika kwa sauti. Madame alianguka, akashika mlango, akainuka tena, damu ikimchuruzika kifuani.

"Achille," akaita. "Asubuhi nilikukata maneno. Weye haukumaliza kusema. Maliza."

Achille akashusha panga lake. "Iko inauma, Madame. Inauma kila siku. Na hawa, minye ndiye nilibaita."

"Mwoga weye!" kiongozi wao akafoka, akainua panga lake kumkata mwalimu. Achille alijitupa katikati. Panga lilimla mkono wa kushoto hadi mfupani. Yowe lake lilisikika mtaa mzima, watu wakamiminika na mawe na majembe, genge likatimka.

Gikundiro alitoka, akavua kitambaa chake cha kichwani, akaufunga mkono ule kwa nguvu huku akilia na kumtukana Achille matusi yote aliyoyajua.

Bega la Madame na mkono wa Achille vilipopona, duara lilikaa tena. Vidole vya mkono huo wa kushoto havikuweza tena kukunja ngumi. Zamu ya Gikundiro ikafika.

"Minye niko na hasira na Achille," akasema. "Nikimuona, niko nataka kumuumiza."

Kengele ya hesabu ikagonga. Madame alifungua kinywa chenye mapengo, na asante ilikuwa tayari ulimini. Akaimeza. Alivuta kiti chake mpaka karibu na binti.

"Endelea," akasema.