Kulanti Kwenye Kopo la Breki

Baba aliendesha lori la mboga kati ya Lushoto na Dar es Salaam mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Nilipofika nyumbani Vuga na gari la haibridi, la petroli na umeme, alilizunguka mikono ikiwa nyuma, akauliza kama lina rejeta. Nikamwonyesha kopo la kulanti, yale maji ya kupozea injini, jingine la kupozea mitambo ya umeme, na lile dogo la mafuta ya breki upande wa dereva. Tangu hapo, kila nikija, yeye ndiye aliyefungua boneti na kuongeza kilichopungua. Nikamwachia.

Jumamosi moja tulikuwa tuteremke Korogwe harusini. Mama mdogo alishakaa nyuma na kapu lake la mapeasi, pembeni yake mzee wa kanisa, rafiki wa baba. Kwa sababu ya kona kali za mteremko wa Soni, nikafungua boneti nihakikishe. Kopo la breki lilikuwa limejaa hadi shingoni, na kilichokuwemo kilikuwa cha rangi ya waridi. Mafuta ya breki ni ya manjano hafifu. Cha waridi ni kulanti.

“Baba, uliongeza kitu?”

“Breki. Ilikuwa imepungua kidogo.”

Nikafunga boneti taratibu. “Gari lina shida. Tupande basi.”

“Shida gani? Nimelikagua mwenyewe.”

“Ni mambo ya umeme tu, baba.”

Akamgeukia mzee wa kanisa dirishani. “Huyu anaogopa kona. Lete funguo, nitaendesha mimi.”

Mzee wa kanisa akacheka. Baba alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri funguo. Nyumbani tunaongea Kishambaa, lakini nilimjibu kwa Kiswahili, kama ninayesema na mtu baki: “Umetia kulanti kwenye breki. Ungetuua.”

Kicheko kikakatika. Mama mdogo akashuka na kapu lake, akajifanya anatengeneza kanga. Baba akafungua boneti, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kopo. Akachovya kidole, akanusa.

“Chupa zinafanana,” alisema.

Hazikufanana hata kidogo. Alifuta kidole kwenye suruali yake ya suti, akaingia ndani, akarudishia mlango.

Wenzetu walikwenda na basi. Fundi alifika mchana, akalivuta gari hadi Lushoto, akasafisha mfumo mzima wa breki na kubadilisha mipira iliyoguswa na kulanti. Alipomwamkia baba shikamoo, marahaba ilitokea nyuma ya mlango.

Nilikaa kibarazani nikiwa bado na gauni nililovaa kwa kwenda harusini. Kilichoniuma hakikuwa chupa. Krismasi nilimwona akimimina chai nje ya kikombe, nikafuta meza bila kusema kitu. Nilijua haoni vizuri. Kumwachia boneti kulikuwa rahisi kuliko kumpeleka hospitali, na nilikuwa nikijiambia kwamba ninamheshimu.

Jioni nilimwomba radhi, kwa Kishambaa. Akasema yamekwisha, akauliza kama fundi amekula.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kliniki ya macho. Jicho moja lilisaidika, la pili walisema tumechelewa. Kabla ya hapo, mapokezini, muuguzi aliyekuwa akiandika maelezo yake alimuuliza kazi aliyofanya maishani.

“Mkulima,” baba alijibu, bila kutaja lori.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Niliinamisha macho, sikumsahihisha.