Nyota Iliyokataa Kupanda

Wiki ya mwisho kabla ya shule kufungwa kwa Krismasi, wazazi wa darasa la kwanza tulialikwa kuketi na watoto wetu asubuhi moja na kutengeneza kadi pamoja nao. Binti yangu, ambaye ana miaka sita, alinipa habari hiyo jikoni huku amenishika sketi, kana kwamba ningetoroka. Alikuwa na sababu. Asubuhi ya kusoma pamoja sikuenda. Siku waliyoimba nyimbo za mavuno sikuenda pia. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Kingstanding, na mzee anayehitaji kuoshwa hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu mtoto wangu anaimba.

"You have to come," aliniambia. Huyu mtoto kazaliwa hapa Birmingham. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea wangu wa kwenye simu, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akaendelea kwa Kiingereza chake kwamba siku hiyo watoto ndio wangekuwa walimu na wazazi wanafunzi. Walikuwa wamejifunza kutengeneza kadi yenye kitu kinachosonga, na kila mtoto angemfundisha mtu wake. Nilipomuuliza ni kitu gani kinachosonga, alifumba mdomo na kutikisa kichwa. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikamwambia nitakuja. Aliniuliza kabla ya kulala kama kweli nitakuja, na tena asubuhi akiwa na mswaki mdomoni.

Sasa, mimi nimesomea Kenya. Siku ya kufunga shule kwetu haikuwa mchezo. Tulipangwa uwanjani, mwalimu mkuu akasoma namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mama yangu alisimama juani na kitambaa chake kizuri kichwani akisubiri kusikia jina langu. Mwaka niliokuwa wa saba aliondoka bila kuaga mtu. Hata leo, dada yangu kule Nakuru akiambiwa mtoto wake apeleke shuleni sanamu ya kufukuza ndege shambani, anaishona yeye mwenyewe, anaivalisha koti la mumewe, na mtoto kazi yake ni kuibeba tu. Wazazi wote wa pale wanafanya hivyo, walimu wanajua, na bado iliyo nzuri zaidi inapigiwa makofi. Kwa hiyo niliposikia wazazi tumeitwa, mimi nilisikia mashindano.

Nilivaa gauni la Jumapili na viatu vya kisigino. Tukashuka basi kwenye barabara kuu ya Erdington, baridi inauma masikio, yeye anarukaruka mbele yangu. Darasani nikakuta wenzangu wamekuja na suruali za mazoezi na sare za kazi. Kwenye meza yetu alikuwepo baba mmoja Mwingereza na binti yake. Viatu vyake vya ujenzi vilikuwa vyeupe kwa vumbi la plasta, na kwa udogo wa vile viti magoti yake yalikaribia kidevu. Nilimsalimu vizuri, nikajisemea moyoni kwamba huyu hatusumbui.

Mwalimu, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alituomba wazazi tuache mikono yetu ifuate maneno ya watoto. Nilitabasamu kama wengine. Hayo maneno yalinipita.

Binti yangu alijiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo, akaanza somo. Kadi ilikuwa na nyumba iliyochorwa chini na anga juu yake. Katikati ya anga kulikuwa na mpasuo mwembamba. Nyuma ya kadi unapitisha ukanda wa karatasi ngumu, na mbele unabandika nyota, ikishikana na ule ukanda kupitia mpasuo. Ukisukuma ukanda kutoka chini, nyota inapanda juu ya paa. Alieleza yote hayo polepole, akinitazama usoni kuhakikisha naelewa. Kisha akanipa makasi na kunionyesha pa kukata.

Nikakata. Ningeishia hapo tungekuwa salama. Lakini nyota aliyokuwa ameikata yeye ilikuwa na pembe moja ndefu kama pua, na nyingine haikuwepo kabisa. Paa la nyumba lilikuwa limelala upande. Nikatupa jicho meza ya jirani, nikaona kadi safi iliyonyooka, na ile roho ya uwanjani ikanipanda. Nikamwambia, "Lete, mama akusaidie kidogo."

Nikaichukua kadi. Nikakata nyota mpya yenye pembe tano zilizolingana, nikanyoosha paa kwa rula. Akasema, "Mum, I'm the teacher," nami nikamjibu, "Ngoja, namaliza." Nikageuza kadi, nikaona ukanda unalegalega, umeshikwa na vipande viwili tu vya karatasi vilivyopita juu yake kama madaraja. Kazi gani hii ya ovyo, nikawaza. Nikapaka ukanda wote gundi, juu hadi chini, nikaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika.

"Not there," akasema. "Mum, not there."

"Ni ili isibanduke," nikamwambia.

Alichukua mikono yake, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia. Mbele yetu yule binti mwingine alikuwa akicheka mpaka analalia meza, kwa sababu baba yake alikuwa amegandisha kidole gumba kwenye kadi, naye alimwagiza aanze upya, na baba anaanza upya. Niliwaonea huruma wale watu. Naona haya hata kuliandika hilo.

Ikafika zamu ya watoto kusimama mmoja mmoja na kuonyesha. Kadi ya yule baba ilikuwa imekunjamana, ina alama za vidole vyenye vumbi, lakini nyota yake ilipanda ikikwamakwama hadi juu, na darasa likapiga makofi. Kisha akasimama wangu. Watoto walipoiona kadi yetu wakavuta pumzi kwa mshangao, na mimi, Mungu anisamehe, nikakaa wima kwenye kile kiti. Binti yangu akasukuma ukanda. Haukusonga. Akasukuma tena, akauvuta. Nyota ikabaki palepale na pembe zake zote tano. Akavuta kwa nguvu, na kadi ikachanika kutoka chini mpaka mlangoni mwa nyumba.

Mwalimu aliinama, akamuuliza taratibu kumetokea nini. Binti yangu alinitazama kwanza. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama mwenzake ameumia. Kisha akamgeukia mwalimu, akamwambia kwamba ni yeye mwenyewe aliyepaka gundi mahali pasipofaa.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Kiingereza pia nilikuwa nacho. Kazini nazungumza na madaktari. Ilikuwa sentensi fupi tu, kwamba ni mimi. Lakini wazazi walikuwa wanamtazama kwa ile huruma yenye tabasamu, nami nimevaa gauni linalong'aa kuliko la mtu yeyote mle ndani, nikanyamaza. Mtoto wa miaka sita alibeba kosa langu mbele ya darasa zima, na nikamwacha alibebe. Nimeona aibu nyingi katika kazi yangu, za wazee wanaovuliwa nguo na watu wasiowajua, na huwa nawaambia ni kawaida, usijali. Siku ile sikuwa na neno la kujiambia.

Mwalimu akampa kadi nyingine, naye binti yangu akarudi nayo mezani. Hata kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye makasi. Akaniinamia sikioni. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo wengine wasingeielewa hata wangeisikia: "Mama, usiguse."

Miaka yote namsihi anijibu kwa lugha yangu. Basi alinijibu, na aliichagua ili kunisitiri. Nikaweka mikono magotini, nikamtazama akikata nyota nyingine yenye pua. Madaraja yake aliyapaka gundi ncha huku na ncha huku, katikati akapaacha wazi. Nyota ikapanda. Yule baba wa vumbi akamuuliza amefanyaje ikapita laini hivyo, naye akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akamfundisha kuanzia mwanzo.

Alasiri nilipokwenda kumchukua nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, jambo ambalo nyumbani kwetu sikuwahi kuliona likifanyika. Mama yangu akikukosea alikuwekea kipande kikubwa cha nyama, mambo yakaisha. Nikajikuta namnunulia chipsi. Tulizila kituoni tukisubiri basi, karatasi ikitupasha vidole. Nikasema, "Ile gundi ilikuwa yangu. Mama alikosea, na nilipaswa kumwambia mwalimu."

"I know," akasema, akaendelea kula.

"Nisamehe."

"It's okay."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na heri angenikasirikia. Kisha akaniuliza, macho yake kwenye chipsi, kama siku nyingine wazazi wakialikwa anaweza kumchukua Baba. Baba yake ni mtu ambaye hata karatasi ya zawadi huikata kwa meno. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliharakisha kunieleza, asije akaniumiza, kwamba Baba hajui kitu chochote, kwa hiyo atamsikiliza.

Nikamwambia nitamwomba baba yake achukue ruhusa kazini.