Kahawa Niliyompa Mwanangu Kabla ya Picha ya Ubongo

Admin, ficha jina yangu. Mi ni mama mzee, miaka sabini na kitu, mama yangu alisema tu nilizaliwa mwaka ya nzige. Shule sikuingia. Naongea tu, mwenye saluni hapa Kibomet ndiye anaandika, na nimemwapisha asiambie mtu. Kwetu ni Bungoma, upande wa Misikhu, niliuza maharagwe soko hapo mpaka magoti ikakataa. Lakini si hiyo imenileta.

Kijana wangu wa mwisho alianguka kwa paa akijenga. Sasa ni miaka tatu analala tu. Macho inafunguka, lakini hujui kama inakuona. Bibi yake anamgeuza, anamwosha, anamlisha na ile paipu ya pua. Bado ni msichana mdogo, na hajawahi nipandishia sauti. Siku moja tu aliniambia, "Mama, niambie kama ako ndani ama hayuko. Kama ako, nitakaa. Kama hayuko, niache niende kwetu Kachibora."

Ndio wakakuja watu wa utafiti wa ubongo, wakampeleka hospitali ya mbali, wakamwingiza kwa mashine ya kelele, ile ya kupiga picha ya ubongo. Walikuwa wamekataza kahawa tangu jana yake. Sasa huyu mtoto hata wakati wa shule alikuwa haamki bila kahawa, na miti ilikuwa yetu, marehemu baba yake ndiye alipanda. Nikaona wakimpata amelala watasema ameisha. Asubuhi nikapitisha kikombe mzima kwa paipu. Wakauliza amekunywa nini, nikasema maji.

Juzi binti wa hizo picha akakuja na kompyuta. Akatueleza polepole, ati damu ya kichwa inapanda na kushuka kichwa chote pamoja, ju ya pumzi, ju ya usingizi. Ukitoa kwanza hiyo ya kichwa chote kwa hesabu ya kompyuta, sehemu mbili zinaonekana zikipokezana, moja ikipanda ingine inashuka. Hiyo inaweza kuwa alama mtu ako ndani. Usipoitoa, alama hakuna. Bibi ya kijana akauliza sasa ukweli ni gani. Binti akasema hata wakubwa wake wanabishana, ju kuitoa kwenyewe kunaweza kutengeneza hiyo kupokezana.

Akanigeukia, "Shosho, ukipima wajukuu wako na urefu wa katikati, lazima wengine watokee wafupi, hata kama wote ni warefu."

Hiyo nilielewa. Halafu akasema hata kahawa inabadilisha hiyo ya kichwa chote, ndio maana waliikataza. Akaniangalia, ama niliona tu hivyo. Nikaenda jikoni kuangalia chai na hakukuwa na chai kwa moto.

Mashine hawatarudia, utafiti umefungwa. Jumapili wazee wanatoka Bungoma, na watu wa msichana wanatoka Kachibora, waangalie hizo picha na waamue mambo ya huyu msichana. Nikisema, picha zote mbili, ya kutoa na ya kutotoa, ni za kutupa, na ni mimi nimemnyima jibu. Nikinyamaza, atakaa ama ataenda ju ya kikombe yangu. Begi yake iko nyuma ya mlango tangu juzi. Na saa hii namsikia akimwambia bwanake maji si moto sana, avumilie kidogo.

Nyinyi mmesoma. Nifungue hii mdomo, ama niende nayo kaburini?