Kubebwa kwa Usawa

Siku ya kwanza nilipobebwa kupanda ngazi za chuo, watu walinipigia makofi. Makofi yale nayakumbuka kuliko somo lenyewe. Vijana wawili walikuwa wamefunganisha mikono wakanitengenezea kiti, nami nimewashika shingo, sketi imepanda hadi magotini. Darasa zima lilisimama. Mwalimu wetu, ambaye sote tulimwita Madame, akasema kwa furaha ya kweli kwamba hapo hasa ndipo somo lake linapoanzia, kwamba ujumuishi si maneno ya ubaoni. Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nilitamani ardhi ipasuke.

Miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa mdogo, tukiwa bado kijijini Bule, na mama alinifunga mgongoni kila tulipokimbia vita, mpaka nikawa mzito kupita nguvu zake. Tulipofika mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, tukapata nyumba mtaa wa Saio, na watu wa kanisa wakanipa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kwetu tunaiita kinga, kama baiskeli nyingine yoyote. Nikiwa juu ya kinga yangu sikumwomba mtu kitu. Nilikwenda sokoni, nilikwenda kwaya, niligombana na waendesha pikipiki walionirushia tope, na mara nyingi nilishinda. Shida yangu ilianza pale tu mtu alipojenga ngazi.

Somo la utofauti, usawa na ujumuishi lilikuwa jipya. Lililetwa katika miaka ile ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini lakini hazijaenda mbali. Tulilala usingizi, ila viatu tuliviacha karibu na mlango. Chuo kilitaka sisi tuliokimbizana tukae chumba kimoja tujifunze kuishi. Nia ilikuwa njema, sina ubishi. Kwa kuwa somo lilikuwa jipya wakalipatia ukumbi mpya, na ukumbi mpya ulikuwa ghorofani.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa, la sivyo utadhani natunga. Katika Bunia ya wakati huo, ukisema utofauti, kila mtu alisikia kitu kimoja tu: kabila. Nayo makabila hatukuyataja kwa sauti. Tulisema "upande huu" na "upande ule", na kila mtu alielewa. Darasani upande huu uliketi kushoto, upande ule kulia, na wale wasio wa huku wala kule walijibana nyuma, wakicheka kwa sauti ya chini na kusinzia kwa zamu. Mkuu wa darasa, CP wetu, alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni siku zote, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima; mwenyewe aliita équilibre, yaani usawa wa pande mbili. Akituma watu wakalete chaki, alituma wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Akipanga watu wa kufagia, hivyo hivyo. Simcheki sana. Alikuwa ameona kwao jinsi ugomvi wa kisima unavyogeuka moto wa kijiji kizima, na aliogopa.

Basi hata kubebwa kwangu kukapimwa. Mimi nilikuwa wa upande huu, hilo lilijulikana tangu nilipotaja Bule. CP akaamua nibebwe na mmoja wa kwetu na mmoja wa upande ule, asije mtu akasema nimependelewa au nimetengwa. Wa kwetu alikuwa mrefu kama mlingoti wa shule. Wa upande ule alikuwa mfupi, mnene, mwenye mbio, kwao ni nje ya mji, mbele ya Iga Barrière. Hawakuwa maadui, lakini hawakuwa wakizungumza. Walizungumza kupitia kwangu.

"Dada, ambia ule mwenzangu apunguze mbio."

"Dada, umwambie yee njo anachelewa."

Niko hewani, nimelalia upande wa yule mfupi, napeleka ujumbe kulia na kuurudisha kushoto. Siku moja nusura waniangushe wakibishana kwa mdomo wangu. Nilichukia kila ngazi. Nilichukia zaidi kwamba sikuweza kusema nachukia, maana watu walikuwa wananitendea wema mbele ya macho ya wote, na ningeonekana sina shukrani. Nikifika juu waliniweka mbele kabisa, katikati, si kushoto wala kulia, kwenye kiti peke yake. CP ndiye aliyekichagua. Nilikaa hapo muhula mzima nikitazamwa na pande zote mbili.

Ikaja zamu ya kundi letu kutoa mada, au exposé kama tulivyoiita. Nusu ya alama za somo ilitegemea mada hiyo, na asiyesimama mbele ya Madame siku yake alipata sifuri, na sifuri maana yake kurudia mwaka. Mimi mwaka wa kurudia sikuwa nao. Vita vilikwisha kunilia miaka kadhaa ya shule, na wenzangu wa rika walikuwa wanapeleka watoto wao darasa la kwanza. Niliapa kwamba huo ndio mwaka wangu.

Mada tuliyopewa ilikuwa: ni nani anayebaki nje ya kitivo chetu? Kundi letu lilifanya kazi kweli kweli. Tulijaza karatasi kubwa za kubandika ukutani, tukaonyesha pande zote zilivyokaa kwenye kamati, kwenye timu ya mpira, kwenye kwaya ya chuo. Kila kitu kilipimwa. Nilisaidia kuandika mwenyewe, na sikuona kilichokosekana.

Asubuhi hiyo nilifika mapema, magurudumu yamejaa udongo mwekundu, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilimkuta yule mrefu peke yake chini ya ngazi, anakwaruza ukuta kwa kucha.

"Ule mwenzangu haiko," akasema. "Iko blocké kule Iga. Balisikia masasi ya bunduki jana, barabara iko imefungwa."

"Yeye mzima?"

"Iko muzima. Alipiga simu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijua habari za mwenzake, nikashangaa kidogo. Hapo mchezaji wetu mmoja wa mpira, mtu wa kwetu, mwenye mabega ya kubeba ng'ombe, akashuka mbio akisema atashika nafasi hiyo. Walikuwa wameshainama kunishika, CP akatoa kichwa juu ya kizuizi cha ghorofa.

"Hapana! Bawili ba upande moja? Kesho batasema nini? Tungoje mutu wa upande ule."

"CP, dada iko na exposé sasa hivi," mrefu akasema.

"Najua. Sababu ya ile njo tunapanga muzuri. Bale ba kule bachague mutu wao."

Na wale wa kule, badala ya kumtoa yeyote ashuke, wakaanza kuchagua. Sikatai, kwao lilikuwa jambo la heshima, hawakutaka kumtuma tu mtu yeyote. Nikasikia viti vinasogea. Mmoja akasema yeye mgongo unamuuma. Mwingine akauliza kama aliyeko Iga ameshaombwa ruhusa ya kuachia nafasi yake. Watu wazima, wasomi, walikuwa wamefungua mkutano kuhusu nani atanishika mguu wa kulia. Na mimi niko chini, na saa inakwenda, na Madame yuko juu anafungua daftari la alama.

Nina hasira, tangu utotoni. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ya asubuhi ile haikuwa ya kupiga wala ya kulia. Ilinitulia kifuani, nikaona kitu kwa uwazi ambao sikuwahi kuwa nao: hata huyo mtu akichaguliwa, hata akiwa malaika, nitabebwa. Nitabebwa leo, nitabebwa mwaka ujao, nitabebwa siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho, na kila mara watapiga makofi.

Nikarudisha kinga yangu nyuma hadi katikati ya uwanja, mahali madirisha yote yaliponiona. Sauti ninayo. Kwaya yetu haina kipaza sauti, na kanisa letu lina paa la bati.

"Madame! Kundi yetu inaanza!"

Vichwa vikajitokeza. Masomo yetu yalikuwa ya Kifaransa, lakini mimi nikikasirika Kifaransa changu hukimbia, nikaendelea hivyo hivyo kwa Kiswahili chetu.

"Madame, mulituuliza nani anabaki inje. Tuliandika. Tulipima Bahema, tulipima Balendu, tulipima Babira na Banande na bote."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. Nilikuwa nimeyataja majina ya makabila, uwanjani, kwa sauti ya kwaya. Hakuna kilichoanguka. Nikaendelea.

"Ni muzuri, tulifanya muzuri. Lakini mi niko hapa chini, na kule juu kuko mukutano ya kuchagua nani atanibeba. Mutu hata moja hajajiuliza sababu gani mi niko nabebwa! Hata mi mwenyewe sikujiuliza. Hii ngazi haiulizi kabila, Madame. Inafunga mimi inje. Itafunga ule mama wa mwaka wa pili mwenye mimba, wakati tumbo itakuwa kubwa. Nabebwa na équilibre, mi nachoka na équilibre. Sitaki mutu wa kunibeba, wa huku ao wa kule. Nataka mulango. Mulango moja tu, nipite na kinga yangu. Exposé imeisha. Aksanti."

Wazo la sifuri likanirudia lote kwa mara moja. Mama aliyeuza ndizi ng'ambo ya ukuta ndiye aliyepiga kigelegele, na nilitamani kumrukia nimkumbatie.

Kisha nikasikia viatu vya kisigino. Madame alikuwa anashuka, polepole, ameshika chaki na lile daftari la alama. Alipofika ngazi ya mwisho hakunisogelea kunishika bega, wala hakusema jambo la kugusa moyo. Alitazama ngazi, akanitazama, uso wake ukiwa umeiva kwa aibu.

"Nilifundisha hii somo muhula nzima huko juu," akasema. "Nyuma ya hii mulango kuko nini?"

Alikuwa anaonyesha mlango mmoja wa chini, karibu na choo. Mlinzi wa madarasa akasema ni ghala la mabenchi yaliyovunjika, na kwamba kwa kulifungua inatakiwa ruhusa ya ofisi. Madame akanyoosha mkono kuomba ufunguo, akasema ofisi atakwenda kuongea nayo yeye mwenyewe, jioni, baada ya somo. Mlinzi alimtazama usoni akatoa ufunguo.

Sijui walishukaje wote kwa haraka vile. Ninachokumbuka ni vumbi, na mabenchi yanatoka, na mende wanakimbia, na wasichana wamefunga vitenge kichwani wanafagia. CP alisimama mlangoni akianza, "Bawili ba huku, bawili ba..." lakini hakuna aliyemsikia, na kalamu yake ilikuwa imeanguka, na mwisho akavua koti naye akaingia. Yule mrefu wangu alibeba benchi na kijana mmoja wa upande ule, yule aliyesema mgongo unamuuma.

"Inua kidogo."

"Iko nzito upande yako. Pole pole."

"Aya, twende."

Walikuwa wanaambiana wenyewe. Hakuna aliyekuwa katikati yao isipokuwa benchi. Nikacheka peke yangu uwanjani kama mwendawazimu.

Kizingiti kilikuwa kirefu kwa gurudumu langu la mbele. Mchezaji wa mpira akaja mbio kuninyanyua, kisha akajisimamisha mwenyewe, akageuka, akaokota ubao wa benchi lililovunjika, akaulaza mlangoni. Baadaye mahali pa ubao ule pakajengwa mteremko wa saruji, na mama wa mwaka wa pili aliupita na tumbo lake, akaupita tena na mtoto mgongoni. Alama zangu zilikuwa nzuri. Madame alisema exposé iliyosikika mpaka kwa muuza ndizi haiwezi kupewa sifuri. Mwaka sikuurudia.

Lakini asubuhi ile sikujua hayo yote. Nilijua tu kwamba nilizungusha mikono, ubao ukalia, nikawa ndani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa kwa haraka, mstari umepinda, watu wameketi popote walipochoka. Nikaona wote wananitazama, wanangoja kuona nitakaa wapi. Mbele, katikati, walikuwa wameniachia nafasi yangu.

Nikaipita. Nikapita mabenchi ya mbele, nikapita ya kati, nikagonga goti la mtu nikamwomba radhi, nikaenda nyuma kabisa, karibu na dirisha, kwa wale wanaosinzia kwa zamu. Maisha yangu yote ya shule sikuwahi kukaa nyuma. Mmoja wao akanisogezea daftari lake, ambamo alikuwa amemchora Madame na viatu vyake, na kwa kweli alikuwa amempatia sawasawa. Nikaanza kucheka, nikaziba mdomo, nikashindwa.

Madame aligeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi.

"Weye kule nyuma! Ndiyo, weye mwenye kinga! Funga mudomo, fungua daftari."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikafunga mdomo, nikafungua daftari, na sijawahi kuandika kwa furaha kama siku ile.