Kikohozi cha Mama Randa

Siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amefumba jicho moja, ameuinua ubao usawa wa uso kama mtu anayelenga bunduki. Nilikuwa nimesukuma mkokoteni wa mbao kutoka kwa tajiri wangu hadi karakana ya chuo cha ufundi, na nilichotaka ni karatasi yangu isainiwe niondoke. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani, penseli juu ya sikio. Alikagua ubao mmoja mmoja, kisha mbao tatu akaziweka pembeni.

"Hizi zirudi. Zimejipinda zenyewe, sikulaumu. Umebeba mbao miaka mingapi, kaka?"

"Kumi na minne."

"Na nyumbani unakalia nini?"

Nyumbani tulikuwa na viti viwili vya plastiki, na mgeni akija mimi nilikalia ndoo.

"Njoo darasani kwangu Jumatatu saa mbili asubuhi," akasema. "Mkokoteni hauna miguu, utakusubiri."

Mke wangu nilimsimulia kama kichekesho. Jumapili nikakuta amenipigia shati pasi.

Darasani tulikuwa tisa, watu wazima watupu. Tulimwita Mama Randa kwa sababu randa yake ya kulainishia mbao haikumtoka mkononi. Hata akiongea na mkuu wa chuo alikuwa ameikumbatia kama mtoto. Somo lake la kwanza lilikuwa juu ya mstari wa penseli. Mstari una pande mbili, alisema: huku ni ubao wako, kule ni taka. Msumeno lazima upite upande wa taka. Ukipita upande wako, ulimi wa kiungo unakuwa mwembamba na unacheza ndani ya tundu lake, na kigoda kizima kinayumba.

"Msumeno hauna adabu," alisema. "Ukiukaribisha kwako unakula mpaka sahani."

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba amekosea. Alipita nyuma yetu, mikono mgongoni, na akiona msumeno umewekwa upande usiofaa alikohoa. Kikohozi kimoja, kidogo. Basi unasimama, unaangalia mstari wako. Dereva mmoja mstaafu, mtani wetu mkubwa, alisema mke wake angejua kukohoa namna ile wasingegombana kamwe.

Siku moja tukingoja gundi ikauke, Mama Randa alitueleza kikohozi kile kilianzia wapi. Alianza ufundi kwenye karakana ya kaka yake, akiwapikia mafundi chai. Alijifunza kwa kutazama. Baada ya miaka alikuwa anaona makosa kabla ya mafundi wenyewe, lakini kaka yake alimkataza kufungua mdomo mbele ya wateja. "Sasa ubao mzuri unaharibika na mimi nimeshika birika," alisema. "Nikaanza kukohoa. Kaka akawa ananiuliza kama nina pumu." Tulicheka sana. Yeye alicheka kidogo.

Mwaka huo chuo kilitoa agizo: mwalimu asiye na cheti cha ufundi hatafundisha tena mwaka ujao. Mama Randa alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa na cheti hakuwa nacho. Kwa hiyo alijiandikisha kwenye mtihani uleule aliotuandaa sisi, akavaa namba kifuani kama sisi. Dereva akamwambia, "Mwalimu, usinitazamie majibu." Alitabasamu, akaanza kuchonga penseli ambayo ilikuwa imeshachongwa.

Kazi ilikuwa kigoda kimoja, saa nne. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye koti jeupe lisilo na vumbi hata chembe. Tulianza vizuri. Baada ya kama saa moja, karakana ikiwa imejaa vumbi, Mama Randa akakohoa.

Misumeno yote tisa ikasimama. Kila mtu akainamia mstari wake.

Lilikuwa vumbi tu. Alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa. Lakini mkaguzi alikuwa ameshaona.

"Nani amewaambia msimame?"

Akamgeukia Mama Randa.

"Mama, nakuuliza wewe. Unawapa ishara? Kama ni ishara nawafuta wote, na wewe wa kwanza."

Nilikuwa meza ya mbele, na mkaguzi alikuwa amesimama karibu nami kabisa. Nilipotazama mstari wangu, niliona msumeno uko upande usiofaa. Kweli ulikuwa hapo. Nikiuhamisha, yule kijana ataona kwa macho yake kwamba kikohozi kimesema kitu. Kuongea mbele za watu mimi sijui, tangu utotoni. Basi nikakata palepale.

Mkaguzi alitazama mkato wangu mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Haya, endeleeni," akasema. "Kama hii ndiyo ishara, haina faida."

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Mama Randa alipasi, na wenzangu wanane walipasi. Mimi nilianguka. Aliniita stoo, kigoda changu kiko mezani, akakisukuma kwa kidole kikayumba.

"Uliuona mstari?"

"Niliuona."

Hakunishukuru. Nami sikutarajia shukrani, lakini sikutarajia pia uso ule, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Jumatatu uanze upya," akasema. "Na ubao ununue kwa pesa yako."

Nilirudia miezi sita. Hakupunguza ukali wala upole. Nilipopata cheti, yeye alikuwa ameshapata nafasi katika chuo kikubwa mji wa jirani. Cheti chake kilimfungulia njia. Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku la vifaa hadi getini. Nilitaka kumwambia mengi, nikasema tu, "Safari njema, mwalimu."

Alichukua sanduku mkononi mwangu.

"Siku ile ya mtihani nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu yule kijana," alisema. "Maneno yalikuwa hapa, yamejipanga. Umri wote huu nakohoa badala ya kusema, na wewe ukaniwahi kwa msumeno. Mtu akiulizwa, kaka, mwache ajibu mwenyewe."