Sahani Niliyokula Kista Haikuwa Yangu

Mwaka 1996, nikiwa na miaka ishirini na nane, nilitoka Uvira, Kongo, mbio na sufuria moja kichwani. Kwa hiyo njaa naijua, msinifundishe. Ninachosimulia hapa si njaa wala si ndoto. Mniite mwongo mkitaka, lakini shule niliishia mwaka wa tatu; ufundi wa kubuni hadithi ningeutoa wapi?

Ilikuwa mwanzo wa Novemba, hapa Uswidi nilikokimbilia, mwaka ule ule niliomzika mume wangu. Tangu mazishi chakula kilikuwa kinakataa kushuka. Napika bugali, ugali wetu wa Kongo, wa watu wawili, nautazama unapoa, nautupa. Kilo kumi na nne zilinitoka. Binti yangu Neema alikuwa ananikemea kwa Kiswidi, kisha analia kwa Kiswahili: "Maman, unataka nizike wawili mwaka mmoja?"

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kukagua ofisi tunazosafisha mtaa wa Kista. Saa kumi na moja jioni, na giza tayari. Stockholm mwezi huo usiku haubishi hodi. Nyuma ya jengo nikakuta gari la chakula ambalo sikuwahi kuliona, limeandikwa taco, vile vichapati vya mahindi vya Mexico vinavyokunjiwa nyama. Nikacheka peke yangu. Taco nazijua! Wanangu wamekulia taco za Ijumaa kama watoto wote wa Uswidi: kikolezo cha pakiti, mahindi ya kopo, vipande vya tango. Chakula gani hicho?

Lakini harufu ikanishika. Mahindi ya kweli, yaliyochemshwa na kusagwa siku hiyo hiyo. Mara ya mwisho niliyanusa hivyo jikoni kwa mama yangu.

Nikaifuata harufu mpaka nyuma ya gari. Bibi mmoja alikuwa amekaa juu ya kreti, mfupi, misuko miwili ya mvi, aproni ya bluu. Bila koti. Novemba, bila koti! Kando yake kijimeza chenye mshumaa, maua ya manjano na sahani ya taco tatu zinazofuka moshi. Akaichukua sahani kwa mikono miwili, akaninyooshea.

Nikamwambia kwa Kiswidi kwamba sina njaa. Akasonya. Lo, msonyo ule naujua, ni wa mama zetu! Na kwetu mzee akikupa chakula kwa mikono miwili hukatai, hata kama umetoka kula sasa hivi. Nikapokea.

Nikaanza vibaya, mchuzi ukaingia ndani ya mkono wa koti. Bibi akanipiga kiwiko, pa! Akakiinua juu, akanilaza kichwa upande, kama anayemlisha mtoto. Kiganja chake kilikuwa na joto kama kimetoka sasa hivi kwenye bamba la kuchomea. Niaminini, nilimaliza zote tatu, nalia huku natafuna.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Akatoka mwanamume mwenye gari, baadaye nilijua anaitwa Ramiro, na mkewe nyuma yake. Akaitazama sahani.

"Señora, nani amekwambia ule hiyo?" Kiswidi chake kibovu kama changu.

"Si bibi huyu hapa!" Nikageuka. Kreti tupu.

"Bibi gani?"

"Mwenye aproni ya bluu! Amenipiga kiwiko kama mimi mtoto wake!"

Mkewe akaziba mdomo. Ramiro akatoa picha iliyokuwa imesimama nyuma ya mshumaa, akanipa. Ni yeye, misuko na aproni yake.

"Mama yangu," akasema. "Alifia Mexico miaka miwili iliyopita. Hakuwahi kukanyaga Uswidi. Leo ndiyo siku tunayowawekea wafu wetu chakula."

Nikamrudishia picha haraka. Mimi, mtu mzima, nimekula chakula cha marehemu!

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

"Kiwiko kipi?" akauliza.

"Hiki cha kulia."

Akaanza kucheka, na machozi yanashuka. "Hapo hapo! Sote alitupiga hapo hapo."

"Na hajajibakizia hata moja," mkewe akasema. "Ndiye yeye. Alikuwa hali mpaka mgeni ashibe."

Wakaijaza sahani upya. Ramiro akaniuliza kama nami nina marehemu wangu. Nikamtajia mume wangu. Akaliandika jina lake kwenye karatasi, akalisimamisha kando ya picha ya mama yake.

Nikampigia Neema. "Pika bugali, nakuja kula." Halafu nikasikia kilio.

Mchungaji wangu anasema yalikuwa mapepo. Nikamuuliza, pepo gani huyo anayemlisha mjane? Na kila Novemba narudi kwa Ramiro na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga, kwa ajili ya mume wangu.

Sasa wewe unayesoma, sikia. Mzee usiyemjua akikunyooshea sahani, usimwambie huna njaa. Wazee wanaona. Kula, na inua kiwiko.

Mimi leo nina kampuni ya usafi, wafanyakazi kumi na mmoja, magari mawili, nyumba ya vyumba vitatu Bredäng, nafasi yangu makaburini kando ya mume wangu, kilo sabini na moja, na kiwiko cha kulia ambacho baridi ya Stockholm haijakigusa tena.