Bembea ya Beno na Mtoto wa Mbinga

Beno Komba alikuja mtaa wa Gerezani, mjini, akiwa kijana kutoka Mbinga, akajifunza kuchomelea vyuma hapo hapo kwenye yadi ya mafundi, na hajaondoka tena. Ni mtu wa maneno machache. Ukimletea kazi, atakizunguka kwanza kile kitu, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe, ndipo akuambie inawezekana au haiwezekani.

Mimi nauza chakula kwenye kona ya yadi hiyo. Wananiita Mama Sophia. Nakaa sehemu moja tangu asubuhi mpaka masufuria yaishe, na kwa kuwa ni mwoga, naangalia sana: cheche zinarukia wapi, lori linarudi nyuma vipi, nani anapita na nondo begani. Ndiyo maana habari za Beno nazijua kuliko hata wanaofanya naye kazi.

Ana mtoto mmoja, Hyasinta. Mama wa mtoto aliolewa kwingine, huko Njombe, na Hyasinta akabaki Mbinga kwa bibi yake mzaa baba. Pale yadini si jambo la ajabu. Watoto wa mafundi wengi wako kwao. Shomari, muuza vipuri, ana wawili Newala. Chumba cha mjini ni kimoja, na mchana kutwa mtoto utamwacha na nani? Basi baba anatuma ada na nguo za sikukuu, na Jumapili anapiga simu. Nimewaona wakichagua magauni kule Kariakoo. Muuzaji akiuliza mtoto ana ukubwa gani, mwanamume anashusha kiganja hewani, anasema, "Amefika hapa." Kiganja kinasimama pale mtoto alipokuwa mara ya mwisho.

Wangu niko naye. Sophia nilimpata nikiwa nimeshaacha kungoja, na hata dukani simwachi aende peke yake. Yadini ndiyo kabisa, sikuwahi kumleta.

Mwanzoni mwa mwaka alikuja Mwalimu Euphrasia, mama wa Kichaga mwenye shule ya chekechea Mchafukoge. Aliinua sketi yake isiguse oili, akasimama mbele ya Beno.

"Fundi, nataka bembea ya kuzunguka. Lakini uwanja wangu ni mdogo. Ukuta huku, ghorofa la watu huku. Zile za kusukuma, watoto wanakimbia pembeni, kwangu watagonga ukuta. Nataka waliopanda ndio waizungushe wenyewe."

"Wamekaa?"

"Wamekaa. Inawezekana?"

Beno hakuwa na kitu cha kuzunguka, akaizunguka ndoo yangu ya maji. "Inawezekana," akasema.

Shomari alicheka mpaka akakohoa. Lakini tangu siku ile Beno alibadilika. Alichora kwa chaki sakafuni, akafuta kwa kiatu, akachora tena. Alitafuta hab ya lori, kile kitovu cha gurudumu, ambayo beringi zake bado nzuri, akaisimamisha juu ya nguzo nene ili bembea izungukie hapo. Akanunua baiskeli mbovu, akazitoa minyororo na friwili, kile kidude cha nyuma kinachokubali upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Kila kiti akakiwekea mkono wa chuma. Ukiuvuta, mnyororo unaing'ang'ania nguzo ya katikati na bembea inasogea. Ukiuachia, springi inaurudisha, friwili inalia tiki-tiki-tiki, unavuta tena. Viti vinne, mikono minne.

Jumapili moja nilimsikia kwenye simu, amekaa juu ya tairi, nami nasugua masufuria.

"Hyasinta, baba anakutengenezea kitu… Hapana, siyo baiskeli. Utaona. Mwezi wa sita ukifunga shule, bibi atakuleta. Hakuna mtoto atakayeipanda kabla yako. Umesikia? Wewe wa kwanza."

Sikuisikia sauti ya upande wa pili. Nilimwona Beno tu, anatabasamu na simu imeshakatika.

Ilipoanza kuzunguka, yadi nzima ilipanda. Saa ya chakula walikuja na sahani zao.

"Mama Sophia, njoo upande!" Shomari aliniita, wali mkono mmoja, mkono wa chuma mwingine.

"Nikianguka nani aniokote?"

"Tutaleta winchi!"

"Winchi ikamnyanyue mama yako."

Walicheka, wakavuta. Hebu wafikirie: wachomeleaji, wapakia mizigo, watu wa kubeba injini kwa mabega. Ile bembea iliruka. Sahani ya mtu ikaenda na maharage yake. Kisha wakachoka, ikawa inajizungukia polepole na wao juu yake, miguu ikiburuta. Shomari alisema, "Wale wangu wangepiga kelele hapa, mpaka askari waje."

Watoto waliopita na mama zao kwenda kwenye basi la mwendokasi walikuwa wanaganda pale mlangoni. Mmoja aliomba kwa adabu kabisa, "Shikamoo. Naomba kupanda kidogo." Beno aliitikia marahaba, akasema bado haijakauka rangi. Rangi ilikuwa haijapakwa kabisa. Mtu mzima yeyote aliruhusiwa, mtoto hapana. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilijua anamtunzia nani.

Mwezi wa sita ukafika. Hyasinta hakuja. Kahawa ya bibi ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, na kule Mbinga kahawa ikiiva kila mkono ni wa kuchuma. Beno alisema kwenye simu, "Sawa mama. Sawa. Kahawa haisubiri, najua." Akarudi kwenye vyuma vyake. Siku hiyo alichomelea geti la watu bila kulizunguka.

Akajaribu kuchelewesha kazi. Mwalimu Euphrasia alipopiga simu, mara hab inahitaji grisi, mara springi. Mwishowe mwalimu alikuja mwenyewe, akaikuta inang'aa, nyekundu na bluu, Shomari amelala juu yake.

"Fundi, hiki ni kitanda?"

Ikabidi ipelekwe. Walifukia nguzo kwa zege uwanjani kwa mwalimu, na zege ilipokauka Beno aliniomba niende naye. Alisema watoto wanaweza kumwogopa. Nadhani hakutaka kusimama pale peke yake.

Watoto waliachiwa. Walipanda kwa kusukumana, wanne wakapata viti. Wakashika mikono ya chuma. Wakavuta.

Haikusogea.

Walivuta tena, mpaka wengine wakanyanyuka kwenye viti. Mmoja mikono yake haikufika vizuri, alikuwa ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Mwingine akaanza kulia. Bembea iliguna kidogo, ikatulia.

Mwalimu Euphrasia alikunja mikono. "Fundi Beno, hii umewatengenezea watoto au wapagazi?"

Beno aliizunguka bembea. Akaizunguka tena. Nilimwona uso wake na nikageukia ukutani, kwa sababu nilielewa pamoja naye. Muda wote ule yadini, wakati wa kuipima nguvu, hakukuwa na mtoto hata mmoja. Walikuwepo mababa tu. Na yule mtoto aliyeahidiwa kuwa wa kwanza alikuwa ameshapitwa, na wale waliompita hata hawakuzunguka.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

Tuliporudi Gerezani, kwenye kona yangu, akaniuliza, akiangalia chini, "Mama Sophia, mwanao ana umri gani?"

"Sita."

"Ningemwomba Jumamosi. Pale shuleni, siyo yadini. Hakuna cheche."

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulikuwa umeshaiandaa ile hapana. Lakini alikuwa hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi.

Jumamosi shule ilikuwa tupu, amebaki mlinzi na redio yake. Sophia alisimama nyuma yangu, ameshika dera langu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nyoosha mkono nikupime."

Beno alichukua futi kamba, akampima kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Akampima mguu. Akamkalisha kitini na kumwambia avute, naye akaweka kiganja chake kwenye mnyororo asikie nguvu yake inapoishia. Halafu akakaa chini sakafuni.

"Mdogo hivi," alisema.

"Ni sita," nikasema. "Ulitaka awe vipi?"

"Hyasinta alikuwa hivi. Kabisa hivi, hata mkono." Akaikunja futi kamba. "Hiyo ilikuwa Krismasi ile niliyokwenda."

Sikumuuliza ni Krismasi ipi. Nilikumbuka tu kwamba tangu safari hiyo miaka imepita, na mimi nimebadilisha meza ya kuuzia mara kadhaa.

Alifanya kazi mpaka alasiri. Alirefusha mikono ya chuma ili iwe myepesi kuvuta, akaikunja ije karibu na kifua. Friwili akazifunga kwa bolti ndani ya gia kubwa za mbele za baiskeli, ili nguvu ndogo itoshe, hata kama mwendo utapungua. Viti akavileta mbele. Kila akimaliza kimoja anamwita Sophia, "Vuta, mama," na mimi najibu kabla ya Sophia, "Angalia vidole!" Nilisema mara nyingi mpaka Beno akasimamisha kazi, akaangalia vidole vya Sophia, akaangalia mnyororo ulivyo wazi. Akakata bati, akaufunika mnyororo wote, kingo akazikunja zisikate mtu. "Hilo sikuliona," alisema.

Kisha Sophia akavuta peke yake na bembea ikasogea. Kidogo. Akavuta tena. Friwili ikalia tiki-tiki-tiki chini ya bati, na mwanangu akapita mbele yangu taratibu, amefumba macho kwa nguvu, akatokea upande wa pili anacheka. Beno alisimama na spana mkononi. Alikuwa anacheka pia, lakini macho yake yalikuwa mbali. Hakumwona Sophia. Alikuwa anamwona mwingine.

Jumatatu watoto waliizungusha mpaka kengele ikapigwa, na mwalimu akamshika Beno mkono kwa mikono miwili. Jumapili iliyofuata nilimsikia kwenye simu: "Inakusubiri." Hakusema tena habari za kuwa wa kwanza.

Desemba Hyasinta akaja. Aliletwa na shangazi yake aliyekuwa anakuja kwa daktari. Nilikuwa yadini walipoingia. Nilimwona Beno akiangalia nyuma ya yule shangazi, akitafuta mtoto, wakati mtoto amesimama mbele yake. Msichana mrefu, amefika begani kwa baba yake, nywele amezinyoa kishule, mikono ameikunja mbele.

"Shikamoo, baba."

Beno aliifuta mikono kwenye suruali, ndipo akaitikia. Shomari, ambaye hakosi neno, aliinama kupanga beringi zake.

Shule ilikuwa imefungwa. Mwalimu Euphrasia alikuwa ameshapanda na familia yake kwenda Moshi kula sikukuu, kama Wachaga wenzake wote. Lakini mlinzi alimjua Beno, akafungua. Nami nilikwenda na Sophia, kwa sababu Beno alisema bila mtoto mwenzake Hyasinta ataona aibu.

Hyasinta alisimama mbele ya bembea. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Nzuri," alisema. Akagusa kiti kwa vidole.

"Dada, njoo, nitakufundisha!" Sophia alikuwa ameshakaa. "Unavuta hivi, halafu unaacha."

"Panda basi," Beno alisema.

"Si nitaivunja?"

"Haivunjiki. Wamepanda wapagazi."

Alikaa. Magoti yake yakapanda mpaka kwenye mkono wa chuma. Hakuweza kuuvuta bila kujigonga. Alijaribu kukaa upande, akajaribu kunyoosha miguu nje, akavuta gauni lake lifunike magoti. Beno alishapiga goti na spana.

"Subiri, nakisogeza nyuma. Bolti mbili tu."

"Fundi, hiyo mali ya shule," mlinzi alisema kutoka mlangoni.

"Nitairudisha."

"Baba, acha," Hyasinta alisema taratibu. "Ni ya watoto."

Beno aliendelea kuifungua bolti. Ilikuwa imeshikwa na rangi na haikukubali. "Kahawa ile," alisema, bila kuinua kichwa. "Ungekuja mwezi wa sita…"

"Hata mwezi wa sita nilikuwa mkubwa, baba."

Spana ikasimama. Barabarani basi la mwendokasi lilipita, likaondoka, na bado Beno alikuwa amepiga goti pale pale, anamtazama mwanawe usoni. Sidhani kama alikuwa amemtazama hivyo tangu alipofika. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka, kama anavyozunguka kitu asichokijua bado.

Akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Kaa hivyo hivyo upande," alisema. "Sophia atavuta. Wewe zunguka tu, nikuone."

Sophia akavuta. Hyasinta alishika nguzo ya kiti, miguu ameining'iniza nje juu ya zege, akapita mbele ya baba yake polepole, akaenda upande wa ghorofa, akarudi. Kila alipofika kwake alimwangalia, kisha akageuza macho. Ikafika mahali hakugeuza tena.